Ubavu wa Kushoto

Nyota alikufa saa tano asubuhi. Tangu saa tatu alikuwa akinieleza kwamba anakufa, nami nilikuwa hatua chache kutoka kwake, koleo mkononi, nikikaza waya wa uzio.

Asubuhi ile niliwafungulia ng'ombe mapema baada ya kuwakamua, wakiwa na njaa, nikawaingiza kwenye kipande cha malisho ambacho hawakuwahi kukigusa: klova, majani ya jamii ya kunde, changa, laini, imelowa umande. Waliivamia. Nikafurahi, maana hakuna sauti inayompendeza mfugaji kama ile ya majani yanayokatwa na ndimi nyingi kwa pamoja. Baada ya muda Nyota akaacha kula. Nikadhani ameshiba. Akageuza kichwa akautazama ubavu wake, akajipiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Nikadhani ni nzi. Akalala, akainuka, akalala tena, akainuka. Nilimtazama kidogo, kisha nikarudi kwenye waya. Nilipomwangalia tena alikuwa amesimama miguu imetanuka, shingo ameinyoosha mbele, ulimi nje, na ubavu wake wa kushoto umevimba hadi umepita usawa wa mgongo. Nikakimbia kupiga simu. Niliporudi alikuwa ameanguka.

Daktari wa mifugo alipofika hakukuwa na cha kutibu. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Ubavu wa kushoto ulianza kujaa saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefuga miaka 6, najua kila ng'ombe anatoa lita ngapi, lakini sikujua kwamba ubavu wa kushoto wa ng'ombe una habari zake ambazo ubavu wa kulia hauna.

Tangu wiki ile nina mazoea ya kukaa na ng'ombe nusu saa asubuhi na nusu saa jioni bila kushika kifaa chochote. Sikamui, silishi, sisafishi. Natazama. Sasa ni miaka 12, na karibu kila ninachokijua kuhusu wanyama hawa nilikiona kwanza kwa macho katika hizo nusu saa, ndipo nikaenda kukitafutia maelezo kwa wataalamu na vitabuni.

Jambo la kwanza nililolitafuta ni kilichomuua Nyota. Watu husema ng'ombe ana matumbo manne. Ni tumbo moja lenye vyumba vinne, na chumba cha kwanza, kiitwacho rumeni, ni kikubwa mno, kinajaza karibu upande wote wa kushoto. Kwa ng'ombe mkubwa kinaweza kubeba zaidi ya lita 100. Humo hamna juisi kali kama ya tumbo letu. Humo mnaishi bakteria, protozoa na kuvu wasiohesabika, na hao ndio wanaovunja nyuzi za majani, kwa kuwa mwili wa ng'ombe wenyewe hauna uwezo wa kuvunja selulosi. Wao huchachusha majani na kutoa asidi ambazo ng'ombe huzifyonza na kuzitumia kama nguvu ya mwili. Baadaye wao wenyewe husukumwa mbele hadi chumba cha nne, ambacho ndicho chenye juisi kama ya tumbo letu, na huko humeng'enywa na kumpa sehemu kubwa ya protini yake. Nilipolielewa hili niliacha kusema kwamba namlisha ng'ombe. Nawalisha viumbe walio ndani yake, na viumbe hao wanataka kuzoeshwa. Ukiwabadilishia chakula ghafla, wengine hufa, wengine hulipuka kwa wingi, na anayeumia ni aliyewabeba.

Uchachushaji huo hutoa gesi usiku na mchana, kaboni dioksidi na methani. Ng'ombe mwenye afya huitoa kwa mdomo mara kwa mara, kimya kimya, wala huwezi kugundua. Lakini klova changa ikiliwa kwa wingi na kwa pupa, gesi hunaswa katika povu, viputo vidogo vidogo vilivyoshikana, na povu halipandi kwenye umio kama gesi huru. Rumeni hufura, hukisukuma mbele kiwambo, ule ukuta wa misuli unaotenganisha tumbo na kifua, mapafu hukosa nafasi, na mnyama hukosa pumzi akiwa amesimama kwenye malisho mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaona. Inaweza kuchukua saa chache tu, wakati mwingine hata chini ya saa moja.

Ndiyo maana sasa ng'ombe wangu hula nyasi kavu kwanza, huingia kwenye klova umande ukiwa umekauka, na siku za mwanzo hukaa humo muda mfupi. Bandani kuna chupa ya mafuta ya mimea ambayo haitumiwi kwa kazi nyingine, kwa kuwa mafuta huvunja lile povu. Nimeyatumia mara mbili, nikimnywesha ng'ombe taratibu bila kuinua kichwa chake juu sana, yasije yakaingia mapafuni, huku daktari yuko njiani. Mara zote mbili niliwahi.

Niliwahi kwa sababu ya kijishimo kimoja. Kiko upande wa kushoto, nyuma ya mfupa wa mwisho wa ubavu na mbele ya nyonga. Kikibonyea sana kama bakuli, huyu hajala, hata kama amesimama horini na wenzake. Kikijaa na kulia kama ngoma ukikigonga kwa vidole, kuna gesi. Na ukikandamiza ngumi hapo ukasubiri kwa utulivu, utasikia rumeni inajikunja na kuusukuma mkono wako nje, polepole, kwa nguvu inayokushangaza mara ya kwanza. Kwa ng'ombe mzima husukuma mara moja au mbili kila dakika. Mimi humpa kila ng'ombe dakika mbili za ngumi yangu. Dakika mbili zikipita kimya, siendi kazi nyingine.

Kisha kuna kucheua, na hapa nakiri ndipo ninapopapenda kuliko pengine pote.

Ng'ombe hana meno ya mbele kwenye taya la juu. Pana ufizi mgumu tu, na meno 8 ya chini huukabili. Hung'oa majani kwa kuyazungushia ulimi na kuyavuta, humeza karibu bila kutafuna, na kuondoka. Wanyama wanaowindwa hawana nafasi ya kula kwa raha uwandani. Kazi ya kutafuna huahirishwa hadi atakapolala mahali anapopaona salama. Hapo tazama upande wa shingo: utaona tonge likipanda kutoka kifuani, haraka kama panya chini ya blanketi, likiingia mdomoni. Maji yake humezwa mara moja, kisha taya huanza kwenda kwa upande, na kwa ng'ombe wengi hutafuna mara 40 hadi 60. Anameza. Sekunde chache za ukimya, kama mtu anayefikiri. Tonge jingine linapanda. Hufanya hivyo saa 7 au 8 kati ya 24.

Mwanzoni nilidhani kucheua ni kupumzika tu. Kumbe kutafuna huku ndiko kunakoleta mate, na ng'ombe mkubwa hutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku. Mate hayo yana bikaboneti, ndugu wa magadi, na ndiyo yanayozuia rumeni isiwe chachu kupita kiasi. Ng'ombe anayepewa nafaka nyingi na nyasi chache hana cha kucheua, mate yanapungua, asidi inapanda, na wale viumbe wa ndani wanaanza kufa. Nilishawahi kuwaongezea nafaka ili maziwa yapande. Yalipanda wiki moja, kisha kinyesi kikawa laini na chenye mapovu, na ng'ombe wawili wakaanza kuchechemea baadaye. Nilikuwa nimewaona wamelala na taya zimetulia. Leo nikifika malishoni mchana na kundi limelala, nahesabu taya. Zaidi ya nusu yao wanapaswa kuwa wanacheua. Wakiwa wachache, naanza kuuliza maswali kuhusu chakula kabla ya kuuliza jambo jingine.

Na kwa kuwa humeza bila kuchunguza, humeza pia misumari na vipande vya waya. Vitu vizito huangukia chumba cha pili, chenye kuta kama sega la nyuki, ambacho kimekaa mbele kabisa, jirani na moyo, ukuta mwembamba wa kiwambo ukiwa katikati. Chumba hicho kinapojikunja, waya unaweza kutoboa na kufika moyoni. Ng'ombe wa namna hiyo husimama mgongo umepinda, viwiko vimetanuka nje, hataki kuteremka mteremko, naye huguna anapolazimika kutembea. Wafugaji wengine humezesha ng'ombe sumaku ndogo, ikae humo maisha yake yote na kuvishika vyuma. Mimi nilichobadilisha ni jinsi ninavyokaza uzio. Kila kipande cha waya ninachokikata kinaingia mfukoni kabla sijakata kingine, na jioni navihesabu.

Kuna mtamba mmoja, Zawadi, ambaye kwa siku tatu alikataa kupita lango alilokuwa akilipita kila siku. Nilimwita mkaidi. Nilimpiga fimbo, na bado linaniuma, kwa sababu siku ya tatu nilichoka nikachuchumaa mbele ya lango, macho yangu yakawa usawa wa macho yake, nikakiona. Nilikuwa nimetundika koti langu kwenye nguzo, likipeperuka, na jua la asubuhi lilikuwa linachora kivuli cheusi cha mlango kukatiza njia yote.

Macho ya ng'ombe yako pande mbili za kichwa. Anaona karibu duara zima, takriban nyuzi 330, isipokuwa ukanda mwembamba ulio nyuma yake moja kwa moja. Anamwona mtu anayekuja kutoka ubavuni huku ameinamisha kichwa anakula. Lakini sehemu inayoonwa na macho yote mawili kwa pamoja ni ndogo, iko mbele tu, hivyo kupima kina humpa shida. Kivuli chini kinaweza kuwa kivuli, kinaweza kuwa shimo. Njia yake ya kujua ni kusimama, kuinamisha kichwa, kutazama kwa macho mawili na kunusa. Mimi nilikuwa nikimpiga wakati huohuo alipokuwa akisoma njia. Niliondoa koti, nikarudi nyuma, nikamwacha. Aliinama, akapumua kwa nguvu juu ya kile kivuli, akapita.

Temple Grandin, mtaalamu Mmarekani wa tabia za mifugo, aliingia mwenyewe kwenye njia wanazopitishwa ng'ombe ili aone wanachokiona: mnyororo unaoning'inia, kidimbwi kinachong'aa, sakafu inayobadilika rangi. Kutoka kwenye maandishi yake nilijifunza pia kwamba kila ng'ombe ana duara lake lisiloonekana. Ukiliingia, anaondoka, ukitoka, anasimama. Ukiingia ukiwa nyuma ya bega lake, anakwenda mbele. Ukiingia mbele ya bega, anarudi. Kwa aliyezoea watu duara hilo ni dogo sana, kwa mgeni ni hatua nyingi. Siku hizi nahamisha kundi zima kwa kutembea tu, nikisogea hatua moja ndani na hatua moja nje, bila neno. Kelele hazisaidii. Masikio yao hufika sauti nyembamba kupita zetu, hadi karibu herzi 35,000, wakati sisi huishia 20,000, na kishindo cha chuma kwenye chuma huwatesa.

Kuhusu kelele, nilikuwa na kijana msaidizi, mwenye bidii, lakini mwenye sauti. Alikuwa akiwafokea wakati wa kukamua. Jioni anazokamua yeye maziwa yalipungua, na kiwele kilibaki kizito.

"Kaka, huyu anaficha maziwa," aliniambia akimwonyesha Tausi. "Ana kiburi."

"Hajui kuficha, mdogo wangu," nikamjibu, ingawa wakati huo sikuwa na uhakika. Nilipouliza, nikaelezwa kwamba sehemu kubwa ya maziwa imo katika vifuko vidogo mno ndani ya kiwele, na hayateremki kwa kuvuta chuchu. Kiwele kikisafishwa kwa mkono wa taratibu, ubongo hutoa homoni ya oksitosini, nayo ikisafiri kwa damu hufika kwenye kiwele na kuvikamua vifuko hivyo. Huchukua dakika moja au mbili, kisha nguvu yake hupungua baada ya dakika chache. Ng'ombe akishtuka, mwili wake hutoa adrenalini, nayo huzuia kazi ya oksitosini. Yaani maziwa yapo, mnyama hana hiari, mlango umefungwa na hofu. Nilimwomba yule kijana afanye mambo mawili: asafishe kiwele polepole akihesabu hadi 60, na asiseme neno lolote. Ndani ya wiki moja Tausi akawa anasimama tayari anapomsikia anakuja. Akaja kuwa mkamuaji bora kuliko mimi, nami nilimwambia hivyo.

Ng'ombe huwajua watu mmoja mmoja, kwa sura na kwa mwendo, na hukumbuka nani aliwafanyia nini. Wao kwa wao hujuana zaidi. Ukikaa nao utaona nani anampisha nani majini. Cheo hicho hupatikana mara nyingi kwa umri, uzito na ujasiri, na kikishatulia hawapigani tena; kichwa kikigeuzwa kidogo tu, wa chini anasogea. Ila nilichelewa kuona jambo jingine: anayepishwa na wenzake majini si lazima awe ndiye anayewaongoza njiani. Katika kundi langu ng'ombe mwenye nguvu kuliko wote hutembea katikati. Anayetangulia ni mzee mmoja mtulivu ambaye hagombani na yeyote, na akisimama yeye, wote husimama.

Na wana marafiki. Sijui neno jingine la kutumia. Tausi na Zawadi walikuwa wakilala mgongo kwa mgongo, wakilambana shingo na nyuma ya masikio, mahali ambapo ulimi wa mwenyewe haufiki. Zawadi alipopata ugonjwa wa kiwele nikamtenga zizi la mbali kwa ajili ya matibabu, Tausi aliita mchana kutwa na usiku. Alikaa kwenye uzio wa upande ule, akala kidogo, maziwa yake yakashuka, na yeye hakuwa na ugonjwa wowote. Siku ya tatu nilimhamishia Zawadi kwenye zizi la jirani, waweze kunusana kupitia uzio. Wakanyamaza wote wawili. Baadaye nilisoma kwamba mtafiti Krista McLennan, huko Uingereza, alipima mapigo ya moyo ya ng'ombe waliotengwa wakiwa na mwenzi wanayempenda na wakiwa na ng'ombe wasiyemzoea, akakuta moyo hutulia zaidi akiwapo rafiki. Tangu hapo ninapolazimika kumtenga mgonjwa, najitahidi asiwe mbali na macho na pua za mwenzake.

Wasichokifanya ni kulia kwa maumivu. Mnyama wa kuwindwa anayeonyesha udhaifu hujitangaza kwa chui. Kwa hiyo maumivu ya ng'ombe ni madogo kwa macho: masikio yamelegea nyuma, pua imekauka kwa kuwa ameacha kuilamba, meno yanasagana bila chakula mdomoni, amesimama upande mmoja na wenzake upande mwingine. Nyota alinionyesha zaidi ya hayo, na nilikuwa karibu vile.

Uzazi ningeweza kuuandikia peke yake. Mimba huchukua takriban siku 283. Nimejifunza kwa hasara kwamba ndama huzaliwa bila kinga, kwani kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili za mama. Zote zimo kwenye dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na utumbo wa ndama huzipokea kwa saa chache tu. Baada ya siku moja mlango huo umefungwa. Ndama mmoja wangu alizaliwa usiku, dhaifu kidogo, nikamwona asubuhi amesimama chini ya mama yake, nikaridhika. Kusimama chini ya kiwele si kunyonya. Alikufa kwa kuhara siku ya sita. Sasa nahakikisha kwa macho yangu, na asiponyonya ndani ya saa mbili tatu, nakamua na kumnywesha kwa chupa. Jambo jingine, kwa wasiolijua: mapacha wakiwa dume na jike, yule jike, kwa zaidi ya mara 9 katika 10, hatazaa kamwe, kwa sababu damu zao zilichanganyika tumboni na homoni za dume zikaharibu ukuaji wa uzazi wake. Nilimngoja mtamba wa namna hiyo miaka miwili aonyeshe joto la kutaka dume.

Tausi alizaa mara ya nne jioni moja ya baridi. Alijitenga tangu mchana, mkia ameuinua kidogo, na kabla giza halijaingia alikuwa amemlamba ndama wake mpaka akakauka. Ndama alinyonya, nilimwona akinyonya. Nilikwenda kulala nikiwa na furaha, lakini niliamka saa nane usiku, sijui kwa nini, nikachukua taa.

Alikuwa amelala kifuani, jambo la kawaida. Shingo ndiyo iliyonisimamisha. Ilikuwa imepinda, kichwa amekirudisha ubavuni, na shingo ina mkunjo kama herufi ya S. Nilimshika masikio, yalikuwa baridi kama chuma. Pua kavu. Nikakandamiza ngumi ubavuni kushoto, nikahesabu dakika mbili. Kimya. Kipimajoto kilisoma 37.2, wakati ng'ombe mzima huwa karibu na 38.5. Ugonjwa huo tunauita homa ya maziwa, na jina hilo limewapotosha wengi, maana hakuna homa. Kiwele kinapoanza kutengeneza maziwa baada ya kuzaa, huvuta kalsiamu kutoka kwenye damu kwa kasi ambayo mifupa na utumbo bado havijajiandaa kuirudisha, na bila kalsiamu misuli haijikunji: ya miguu, ya rumeni, mwishowe ya moyo. Huwapata zaidi wale waliokwisha kuzaa mara kadhaa, na mara nyingi ndani ya siku tatu za kwanza.

Nilimpigia daktari. Sikumnywesha kitu, kwa kuwa ng'ombe aliye hivyo hamezi vizuri na maji yangemwingia mapafuni. Nilichofanya ni kumwegemeza kwa marobota ya nyasi pande zote mbili ili asianguke ubavu, kwani akilala ubavu gesi haitoki, na hilo nilikuwa nalijua vizuri. Kisha nikakaa nimemshikilia kichwa, kilikuwa kizito kupita kiasi. Zawadi alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio, hakwenda kulala.

Daktari alifika saa tisa unusu, yuleyule aliyekuja kwa Nyota. Akatoa chupa ya dawa ya kalsiamu, akaingiza sindano kwenye mshipa wa shingo na kuiachia iteremke polepole sana, sikio lake kwenye kifaa cha kusikiliza moyo, kwa sababu kalsiamu ikiingia haraka husimamisha moyo uleule unaotaka kuuokoa. Wakati chupa ikiteremka aliniuliza, bila kuinua kichwa, "Ubavu wa kushoto?"

"Umenyamaza tangu saa nane na dakika tano," nikasema. "Saa mbili usiku ulikuwa ukisukuma vizuri."

Akatikisa kichwa kukubali. Chupa haijaisha, misuli ya Tausi ikaanza kutetemeka ngozini, mawimbi madogo madogo kutoka mabegani hadi nyongani. Vitone vya maji vikatokeza puani. Akatoa gesi kwa mdomo, nzito, yenye harufu ya majani yaliyochacha, kisha akanya. Tulisubiri. Saa kumi na moja hivi alijivuta mbele, akainua sehemu ya nyuma kwanza kama wafanyavyo ng'ombe wote, akakaa kidogo kwa magoti ya mbele kama anayepima, kisha akanyanyuka. Ndama akaja, akapiga kiwele kwa kichwa, akanyonya.

Daktari alikunja mipira yake na kuosha mikono. Aliniambia nisimkamue mpaka kiwele kiwe kitupu siku ile, nibakize. Akaondoka. Mimi nilibaki nimeketi juu ya robota. Kulipopambazuka Tausi alikuwa amelala tena, shingo imenyooka, ndama amejikunja ubavuni pake. Nikaona kitu kikipanda upande wa shingo yake. Taya likaanza kwenda. Nilihesabu mara 53, akameza. Nikangoja, na tonge jingine likapanda.